Kutengeneza ngozi ya mbuzi, kondoo au sungura nyumbani: isioze, manyoya yasinyonyoke, isikakamae

Wengi wakijaribu kutengeneza ngozi nyumbani wanaishia na kitu kigumu ambacho ukikigonga kinalia, afu wanasema dawa ilikuwa mbovu. Mara nyingi dawa haina kosa. Ngozi ina kazi mbili tofauti kabisa na watu wanazichanganya: kwanza ni kuizuia isioze, hiyo ndo kazi ya shabu au magome, na pili ni kuilainisha, na hiyo hakuna dawa itakayokufanyia, ni mikono yako na muda wako wa kuivuta wakati inakauka. Kama huna siku nzima ya kukaa na ngozi mkononi basi itie chumvi uihifadhi kwanza, usianze.

Sababu yenyewe iko hivi. Ngozi ni nyuzi za protini, wanaiita kolajeni, zimesukana huku na huku na katikati yake kuna maji. Maji yakitoka huku ngozi imetulia tu, nyuzi zinashikana na kugandana, ndo maana ngozi ya ngoma inakuwa ngumu vile, imewambwa ikaachwa ikauka bila kuguswa. Ukiivuta na kuikunja wakati maji yanatoka, nyuzi zinakauka zikiwa zimeachana na mafuta uliyopaka yanabaki katikati kuzizuia zisirudiane. Siri yote ya ulaini iko hapo, na ukiielewa hutababaika hata ukibadilisha dawa.

Uanze na ngozi gani

Anza na ndogo. Sungura, mbuzi, kondoo. Ngozi ya ng'ombe mkubwa ikiwa mbichi inaweza kupita kilo 25, ikilowana huwezi kuibeba peke yako, dawa inachelewa kupenya na kuilainisha kwa mikono ni mateso, hiyo iache mpaka uwe umezoea. Sungura nayo ni nyembamba sana na inachanika kirahisi, kwahiyo kwa mtu anayeanza naona mbuzi ndo saizi yake.

Angalia pia mnyama amekufaje. Mnyama aliyekufa ghafla bila sababu inayojulikana, hasa akitokwa na damu puani au sehemu ya haja na damu haigandi, usimchune kabisa, usimguse, mwite mtu wa mifugo. Hiyo inaweza kuwa kimeta, na vimelea vyake vinakaa kwenye ngozi na kwenye udongo miaka na miaka na vinaambukiza watu kupitia kidonda au kwa kuvuta vumbi la manyoya. Hakuna ngozi nzuri kiasi cha kuhatarisha maisha kwa ajili yake. Tumia ya mnyama mzima aliyechinjwa.

Wakati wa kuchuna mwambie mchunaji akishapasua tumboni atumie ngumi zaidi kuliko kisu. Kila alama ya kisu upande wa ndani itageuka tundu siku ya kuvuta.

Hatua ya 1: chumvi, mapema

Ngozi ikitoka kwa mnyama bado ina joto na bakteria wanaanza kazi hapohapo. Ukiikunja ukaiweka kwenye mfuko ukasema utaishughulikia jioni, tumbo litakuwa la kijani na manyoya yatatoka kwa kuvuta tu na vidole, na hapo hakuna cha kuokoa. Itandaze kivulini ipoe, ondoa vipande vikubwa vya nyama na mafuta kwa kisu, afu chumvi.

Chumvi iwe laini, ile ya mawe makubwa haishiki vizuri kila mahali. Kipimo ni angalau nusu ya uzito wa ngozi, yani ngozi ya kilo 3 inataka kilo moja na nusu na ukizidisha hakuna ubaya. Mwaga upande wa nyama na uisugue kwa kiganja mpaka kwenye kingo, kwenye makwapa, masikio, sehemu zote zilizojikunja, maana manyoya huanza kunyonyoka kwenye kona uliyoisahau. Iache ikiwa imelala mshazari kidogo ili maji yatiririke, usiiache kwenye dimbwi lake. Kesho yake kung'uta chumvi iliyolowa, weka mpya. Baada ya siku mbili tatu itakuwa imekauka kidogo na imekaza, na ikiwa hivyo unaweza kuikunja ukaiweka mahali pakavu hata miezi mpaka upate nafasi.

Usiianike juani. Jua kali linaipika, nje inakauka haraka huku ndani bado mbichi, na sehemu iliyopikwa hivyo haipokei dawa tena.

Hatua ya 2: kuloweka na kukwangua

Iloweke kwenye maji ya baridi yenye chumvi kidogo, kama konzi mbili kwa ndoo, mpaka irudi kuwa laini kama ilivyotoka. Iliyotiwa chumvi karibuni inachukua saa chache, iliyokauka sana labda usiku mzima. Usipitilize, kila saa ya ziada kwenye maji ni nafasi ya manyoya kulegea.

Sasa kukwangua. Tafuta gogo la mviringo lisilo na vibanzi au bomba nene la plastiki, liegemeze ukutani, tandika ngozi juu yake upande wa nyama ukiangalia wewe, kandamiza ncha ya juu kwa tumbo lako na ukwangue kwenda chini kwa kisu butu chenye mpini kila upande au chochote cha bapa kisichokata. Unatafuta utando. Juu ya ngozi kuna utando mweupe mwembamba unaong'aa, ukiuacha shabu haipiti na ngozi ikikauka utando huo ndo unaolia kakaraka. Lazima utoke wote. Anzia katikati kwenda nje, na tumboni nenda taratibu kwasababu ngozi ya hapo ni nyembamba kuliko ya shingoni.

Hii ni kazi chafu na ndefu, na asilimia kubwa ya ngozi mbaya ninazoonyeshwa na watu tatizo lilianzia hapa, mtu kachoka kakwangua juujuu akaona inatosha.

Ukimaliza osha na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, manyoya na upande wa nyama, ili mafuta yatoke. Ya kondoo rudia mara mbili tatu, ina mafuta mengi mno. Maji yawe ya baridi au vuguvugu tu la kuvumilika mkononi. Maji ya moto yanasinyaza ngozi mbichi papo hapo, inajikunyata na kuwa mpira na hairudi.

Hatua ya 3: dawa ya shabu

Shabu ni ile ile ya mawe meupe inayosafisha maji na wanaume wanapaka baada ya kunyoa. Isage iwe unga.

Kipimo ninachokiamini ni hiki. Ndoo ya kwanza: maji lita 4, shabu gramu 500. Ndoo ya pili: maji lita 2, chumvi gramu 250, soda ya kufulia gramu 120 kama ni ile ya fuwele zenye maji maji, kama ni unga mkavu basi gramu 50 zinatosha. Kila kimoja kiyeyuke kabisa kivyake, shabu inayeyuka haraka kwenye maji ya moto ila subiri yapoe. Afu mwaga ya soda ndani ya shabu kidogo kidogo huku unakoroga. Itatoa povu jingi, ni hewa inayotoka, kwahiyo chombo kiwe kirefu na usiwe na haraka. Soda inapunguza ukali wa asidi na kuifanya shabu ing'ang'anie kwenye nyuzi. Ukimwaga yote kwa mkupuo maji yanageuka maziwa maziwa na shabu inazama chini bila kufanya kazi.

Hiyo ni lita 6, inatosha sungura kadhaa. Kwa mbuzi au kondoo zidisha mara mbili au zaidi, ngozi lazima iogelee kwa nafasi bila kubanana.

Chombo ni plastiki. Sio sufuria ya alumini, sio pipa la chuma, dawa inakula chuma na chuma kinaacha madoa kwenye ngozi. Vaa glavu, hasa kama una michubuko, utashukuru.

Zamisha ngozi, ikandamize na sahani au chupa iliyojaa maji isielee, na kila siku igeuze na kuikoroga mara kadhaa ili dawa ifike kwenye mikunjo. Sungura siku mbili tatu, mbuzi tatu mpaka tano, kondoo mnene hata wiki. Lakini usihesabu siku tu, kata. Chukua wembe ukate ukingo mdogo pale shingoni ambapo ni nene kuliko kote, angalia ndani. Ukiona rangi moja nyeupe toka juu mpaka chini imeiva, ukiona katikati kuna mstari unaong'aa kama ngozi mbichi, rudisha. Kuna watu watakwambia uchemshe kipande uone kama kinajikunja. Jaribio hilo ni la ngozi ya viwandani iliyotengenezwa kwa kromu, yani dawa ya chumvi za metali, ya shabu itajikunja hata kama imeiva vizuri, msipoteze muda. Na kromu yenyewe usijaribu nyumbani, kutupa maji yake ni tatizo kubwa na ikikosewa inaweza kuwa sumu ya saratani.

Ikiiva itoe, ining'inize idondoke usiku mmoja, afu isuuze mara moja kwa haraka kwenye maji safi kuondoa chumvi ya juu. Haraka kweli, maana shabu haijafungwa milele kwenye ngozi, ukiisuuza sana unaitoa tena. Ila usipoisuuza kabisa chumvi inabaki ndani, na kila hewa ikiwa na unyevu ngozi itatoa jasho.

Hatua ya 4: mafuta

Ngozi ikiwa bado na unyevu ila haidondoki tena, paka mafuta upande wa nyama. Ya asili kabisa ni kiini cha yai, na kinafanya kazi kwasababu kina kitu kinachochanganya mafuta na maji, kwahiyo mafuta yanaingia hata kwenye ngozi iliyolowa. Viini vinne, robo kikombe cha mafuta, maji vuguvugu nusu kikombe, na tone la sabuni ya maji, piga mpaka viwe kitu kimoja. Inatosha mbuzi mmoja. Kuhusu mafuta gani, bora ni mafuta ya kwato, yale yanayotokana na miguu ya ng'ombe, hayagandi kirahisi. Ya kupikia yanaweza kukusaidia ila mengine baada ya muda yanachacha na ngozi inaanza kunuka, ndo maana siyapendi.

Sugua kwa mkono, kunja nyama kwa nyama, funga ndani ya plastiki masaa machache au usiku kucha.

Kuna njia ya zamani ya kutumia ubongo wa mnyama badala ya yai, inafanya kazi kwa sababu ileile. Ila ubongo wa ng'ombe, kondoo na mbuzi siushauri, kuna magonjwa ya ubongo ya wanyama ambayo hayafi kwa kuchemsha. Yai lipo, tumia yai.

Hatua ya 5: kulainisha, hapa ndo penyewe

Fungua ngozi, itandaze kivulini mahali penye upepo. Mwanzoni huna la kufanya, imelowa tu. Unasubiri muda fulani ambao ukiuona mara moja hutausahau: unavuta sehemu kwa mikono miwili na palipokuwa na rangi ya kijivu ya unyevu panageuka peupe na panatanuka. Huo ndo wakati, anza kazi.

Vuta. Kwa urefu, kwa upana, kwa mshazari. Kingo zinakauka kwanza kwahiyo anza nazo, afu tumbo, afu ubavu, mwisho shingo na uti wa mgongo ambavyo ni vinene. Usibaki sehemu moja, zunguka, ukirudi ulipoanzia utakuta pameanza kukaza tena, unapavuta tena. Mikono ikichoka tumia kitu cha kukusaidia: ukingo wa ubao uliolainishwa, mgongo wa kiti cha mbao, au kamba nene ya katani iliyofungwa juu na chini kwenye nguzo. Shika ngozi ncha mbili, upande wa nyama uwe kwenye kamba, na uisugue huku na huku kwa nguvu. Msuguano unatoa joto, joto linatoa maji, na wakati huohuo nyuzi zinaachana. Njia ya kamba ni ya haraka sana ila angalia matundu, tundu dogo linageuka pasuko kabla hujasema kitu, yashone mapema.

Mkiwa wawili ni nafuu kubwa. Mmoja huku mmoja kule, mnaivuta kama mnaokunja shuka, mnageuza.

Inachukua muda gani? Inategemea na hewa. Penye ukavu na upepo mbuzi anaweza kuisha ndani ya masaa manne au sita, penye unyevu inaweza kuingia siku ya pili. Kama lazima ulale na haijaisha, ifunge kwenye plastiki isiendelee kukauka, kesho endelea. Kosa ni kwenda kupumzika na kuiacha wazi. Nusu saa penye upepo mkali inatosha kukutengenezea ubao.

Utajuaje imekauka? Weka shavuni. Ikiwa ya baridi bado ina maji ndani, endelea.

Na kama imekauka na sehemu zimekakamaa, usitupe. Chukua kitambaa chenye unyevu, sugua upande wa nyama, kunja, funga plastiki usiku, ikirudi kuwa legevu rudia kuvuta. Mara ya pili huwa rahisi, mara ya tatu rahisi zaidi. Shingo karibu kila mara inadai kurudiwa, sio kwamba umekosea, ndivyo ilivyo.

Mwisho sugua upande wa nyama kwa msasa wa kati au lile jiwe la kusugulia visigino. Panakuwa peupe na pana vumbi laini, na ndo utashangaa jinsi ngozi ilivyobadilika. Vaa barakoa, vumbi hilo sio la kuvuta. Manyoya yachane kwa chanuo pana.

Kama unataka ngozi bila manyoya

Hapa inabidi manyoya yatoke kwanza na dawa ni chokaa. Iwe chokaa iliyozimwa, sio ile mbichi ambayo ikikutana na maji inachemka na kuunguza. Gramu 300 mpaka 500 kwa lita 10 za maji, ngozi ndani, koroga kila siku. Glavu ndefu na miwani ni lazima, chokaa kwenye jicho ni upofu. Baada ya siku tatu mpaka wiki sukuma manyoya kwa kidole gumba, yakitoka bila kung'ang'ania iweke kwenye gogo uyakwangue yote, na ngozi ya juu kabisa ile nyembamba itoke nayo.

Ngozi itakuwa imevimba na inateleza, ina chokaa ndani, na chokaa ikibaki ngozi haitakaa ilainike. Loweka maji safi, badilisha mara nyingi kwa siku nzima, afu maji yenye siki, kikombe kimoja kwa lita 10, mpaka ule uvimbe uishe na ngozi ilegee. Baada ya hapo endelea na shabu kama juu, au nenda kwenye magome.

Magome

Magome yana tanini, kile kitu kinachokausha ulimi ukitafuna. Muwati, mkoko, mwaloni, mgunga, miti mingi inayo. Chukua kwenye mti uliokwisha kukatwa, maana ukichuna gome la mti ulio hai kwa kuuzunguka wote unakufa. Kausha, pondaponda, chemsha kwenye chombo kisicho cha chuma, chuma na tanini vinatoa weusi wa wino. Hesabu kama kilo moja ya magome makavu kwa kila kilo ya ngozi, na akiba pembeni. Maji yapoe kabisa kabla ya kuingiza ngozi.

Anza na maji mepesi, rangi ya chai ya rangi, na kila siku chache ongeza makali. Ukianza na makali nje inafunga haraka na dawa haiingii tena, ukikata unaona kahawia mbili na katikati mbichi. Mbuzi wiki mbili mpaka nne, ngozi nene ni miezi. Ikiwa kahawia mpaka katikati suuza, paka mafuta ikiwa na unyevu, na vuta. Haiwi laini kama ya shabu, ni ngumu kiasi na imara, nzuri kwa mikanda na viatu na mifuko, na faida yake kubwa ni kwamba haiogopi maji kama ile ya shabu.

Moshi

Ngozi isiyo na manyoya uliyoilainisha kwa yai ikilowana inarudi kuwa ngumu. Moshi unaitibu. Ishone iwe mfuko, ining'inize mdomo chini juu ya kopo lenye makaa machache na mbao zilizooza, zile nyepesi zinazomeguka, zitoe moshi mwingi bila mwali hata mmoja. Kaa hapohapo uangalie, moto ukiwaka ngozi imekwenda. Masaa machache mpaka rangi ya njano kahawia ipenye upande wa pili, afu geuza. Moshi una kemikali zinazofunga nyuzi, kwahiyo hata ikilowana inakauka na ukiivuta kidogo tu inalainika.

Kutunza

Ya shabu usifue wala usiloweke. Ikichafuka futa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kung'uta vumbi, ipe hewa kivulini. Kuna vidudu wanaopenda kula ngozi na manyoya wakati imehifadhiwa gizani, kwahiyo usiisahau kabatini, itoe mara kwa mara uikung'ute. Usiifunge kwenye mfuko wa plastiki muda mrefu, inaota ukungu. Ukiona upande wa nyama unaanza kukauka na kulia ukiukunja, paka mafuta kidogo ya kwato na uvute tena dakika chache. Maji ya dawa yaliyobaki usimwage bustanini wala karibu na kisima, yana chumvi nyingi na mimea haitaota hapo.